Nani analazimika kuwasilisha ritani ya ushuru wa mapato nchini Kenya

Kila mwezi wa Juni ukikaribia kwisha, wafanyakazi wengi huuliza swali lile lile: ikiwa mwajiri hunikata ushuru kila mwezi, ninadaiwa fomu gani tena? Jibu ni kwamba mwajiri anapokata ushuru na kuufikisha kwa Mamlaka ya Ushuru ya Kenya (KRA) kufikia tarehe 9 ya mwezi unaofuata, anatimiza wajibu wake yeye. Wajibu wa kueleza mapato yako yote ya kuanzia Januari hadi Desemba ni wako, na unapaswa kuutimiza kwa kuwasilisha ritani, yaani taarifa ya mapato, kupitia mfumo wa mtandaoni wa iTax kabla ya tarehe 30 Juni ya mwaka unaofuata kupita.

Usianze kwa kujiuliza kama una mapato. Anza kwa kuchukua cheti chako cha PIN, yaani nambari yako ya mlipa ushuru. Chini ya jina na anwani pana jedwali dogo linaloonyesha wajibu uliosajiliwa, tarehe ulipoanza na kama ungali hai. Ukiona mstari wa ushuru wa mapato wa mtu binafsi mkazi, nao uko hai, basi unatarajiwa kuwasilisha ritani, uwe umepata kitu mwaka huo au hukupata. Hapa ndipo vijana wengi huumia, na inasikitisha kwa sababu hakuna aliyewaeleza mapema. Mwanafunzi huchukua PIN ili aombe mkopo wa HELB (bodi ya mikopo ya elimu ya juu), akaisahau, kisha siku anapopata kazi anakuta faini za miaka yote aliyonyamaza. Asiye na mapato yoyote huwasilisha ritani ya nil, kazi ya dakika chache.

Hata hivyo, ritani ya nil si ya kila mtu aliye na haraka. Aliyeajiriwa hata kwa miezi miwili tu ya mwaka hapaswi kuitumia, kwa kuwa atakuwa ametamka kwamba hakupata chochote ilhali mwajiri wake amesharipoti mshahara huo. Aombe fomu ya P9, inayoonyesha mshahara na ushuru uliokatwa, kutoka kwa mwajiri, na kama alihama kazi katikati ya mwaka, aombe ya kila mwajiri, kisha ajumlishe.

Wanaohitaji kuwa waangalifu zaidi ni wenye ajira mbili kwa wakati mmoja. Chukua mfano wa mtu ambaye katika kila kazi hulipwa shilingi 30,000 kwa mwezi zinazotozwa ushuru. Ikiwa kila mwajiri, bila kujua habari za mwenzake, atakata kwa viwango vya kawaida na kumpa nafuu (punguzo la ushuru) ya shilingi 2,400, mtu huyo atakatwa 1,500 huku na 1,500 kule, jumla shilingi 3,000. Lakini sheria huyatazama mapato yake kwa pamoja, na shilingi 60,000 kwa mwezi, pamoja na nafuu moja tu anayostahili, hutozwa takriban shilingi 10,383. Pengo hilo kwa mwaka mzima linapita shilingi 88,000, na hujitokeza siku anapojaza ritani. Ni heri alijue mapema na aweke akiba.

Anayelipwa kwa kazi za kitaalamu au za ushauri naye hulazimika kuwasilisha, hata kama mlipaji alizuia asilimia 5 kabla ya kumlipa. Kiasi hicho kilichozuiliwa hakimalizi deni. Hupunguzwa tu kutoka kwa ushuru wa mwaka, hivyo vyeti vya makato hayo visipotee. Riba ya benki ni tofauti: asilimia 15 inayokatwa na benki kwa mkazi ndiyo ya mwisho.

Mwenye biashara inayolipa ushuru wa mauzo wa asilimia 3, au mwenye nyumba anayelipa asilimia 7.5 ya kodi ya pango, huwasilisha kila mwezi kabla ya tarehe 20 kupita, na mapato hayo hayatozwi tena mwishoni mwa mwaka. Lakini akiwa pia na mshahara, ritani ya mwaka ingali inamsubiri. Kadhalika, mtu mwenye ulemavu aliyepewa cheti cha msamaha wa ushuru bado huwasilisha, na humo ndimo huonyesha msamaha wake.

Kwa anayekuja na kuondoka nchini, asiye na makao ya kudumu Kenya huhesabiwa kuwa mkazi akikaa siku 183 au zaidi katika mwaka huo. Mkenya aishiye ng'ambo lakini ana mapato yanayotoka Kenya, kama vile faida ya biashara, asidhani umbali umemwondolea wajibu.

Anayechelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kiasi kipi ni kikubwa. Ushuru wenyewe usipolipwa kwa wakati huongezewa asilimia 5 nyingine, na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Ukishawasilisha, pakua stakabadhi ambayo iTax hutoa papo hapo, uihifadhi pamoja na P9 ya mwaka huo.