Kutumia Ramani ya Simu Bila Intaneti, Nakuru hadi Kisumu

Kabla hujapanda matatu mjini Nakuru, fungua programu ya ramani ukiwa bado na mtandao, kisha upakue eneo lote la njia, kupitia Mau Summit, Kericho na Ahero hadi Kisumu. Simu hupokea mawimbi ya GPS moja kwa moja kutoka kwenye setilaiti, kwa hivyo kile kitone cha buluu kinachoonyesha ulipo kitaendelea kusogea hata mtandao ukipotea katikati ya mashamba ya chai. Kinachohitaji data ni ramani yenyewe na habari za msongamano. Keti dirishani, kwa maana bati la gari hudhoofisha mawimbi, na upunguze mwangaza wa skrini ili chaji idumu. Pa kushukia, muulize kondakta: anazijua steji zisizoonekana kwenye ramani.