Somo: Drili ya kukaza kwa mkono inapokataa kushika biti nyembamba

Wiki hii pekee nimeulizwa mara nne, mara mbili hapa karakanani kwangu Nakuru na mara mbili kwa simu, kwa nini drili inayokazwa kwa mkono bila ufunguo hushika vizuri biti ya milimita 8 lakini huiachilia ya milimita 1. Nimechoka kulijibu swali hili kipande kipande, kwa hiyo naliandika lote hapa. Ninaposema mdomo nakusudia sehemu ya mbele inayoshika biti. Meno ni vile vyuma vitatu vilivyomo ndani yake. Na pete ni ile sehemu ya nje unayoizungusha kwa kiganja.

Hatua ya 1. Toa betri, au chomoa waya kwenye umeme.

Hatua ya 2. Soma maandishi yaliyochorwa pembeni mwa mdomo, kwa mfano 1.5–13 mm. Namba ya pili kila mtu anaijua kwa kuwa ndiyo muuzaji anayojivunia, lakini inayokuhusu wewe ni ya kwanza. Maana yake ni kwamba meno yakikaribiana hadi milimita 1.5 hugusana yenyewe na hayaendi mbele tena, na biti iliyo nyembamba kuliko hapo hubaki ikicheza katikati hata ukikaza mpaka mishipa ya shingo ikutoke. Mdomo huo si mbovu. Umeombwa kazi usiyoiweza. Ikiwa hiyo ndiyo hali yako, safisha kisha nenda hatua ya 6.

Hatua ya 3. Fungua meno mpaka mwisho, elekeza mdomo chini, uugonge taratibu kwa mpini wa mbao.

Hatua ya 4. Safisha kwanza, ndipo utie mafuta. Hapa ndipo nilipoharibu mimi. Nilikuwa nimeshinda nikitoboa dari la zege, drili ikielekea juu, na vumbi la saruji likawa linashukia mdomoni kutwa nzima. Kesho yake biti ya milimita 2 ilipoanza kuteleza, nilimimina mafuta ya mashine bila kusafisha chochote. Vumbi na mafuta vikafanya uji wa kijivu uliojaa katika njia za meno, na baada ya siku mbili jino moja likawa linabaki nyuma ya wenzake kwa upana wa ukucha, hivi kwamba biti ilishikwa na meno mawili tu. Badala ya kurudi nyuma nikafikiri, nilichukua spana ya mabomba nikaibana pete ili niikaze zaidi. Pete ilikuwa ya plastiki kwa nje, ikapasuka, na nikalazimika kununua mdomo mwingine kwa pesa ya kazi mbili.

Kwa hiyo, tumia mswaki mkuukuu na mkavu kuondoa vumbi na chenga za chuma, na ukipuliza kwa upepo wa kompresa uvae miwani. Kisha tia matone machache ya mafuta mepesi, fungua na kufunga meno mara kumi hivi, pangusa kwa kitambaa, na urudie mpaka mafuta yatoke safi. Usitie grisi, kwa sababu itayakusanya mavumbi yote ya karakana. Usiishike pete kwa plaisi wala spana. Mwishowe funga meno bila biti na uyatazame kwa mbele: ncha zote tatu zinapaswa kukutana mahali pamoja, au kusimama kwa umbali ulio sawa. Ikiwa moja bado iko nyuma, rudia kusafisha.

Hatua ya 5. Iweke biti katikati. Biti ya kawaida ya milimita 1 ina urefu wa milimita 34, na katika hizo 12 ndizo zenye mifereji. Meno yashike sehemu laini tu, yaani shina, kwani yakishika mifereji biti huteleza au huvunjika. Kaza kwa vidole huku ukiitikisa biti kidogo, maana nyembamba hupenda kujificha kati ya meno mawili ikaonekana kana kwamba imeshikwa. Izungushe kwa mkono: ncha ikichora duara hewani, fungua uanze tena. Ikinyooka, kaza kwa nguvu zote za kiganja, na ikiwa mdomo wako ni wa kutatarika, yaani unaolia tat-tat unapokazwa, usiache kwa mlio wa kwanza. Wapo wanaoishika pete kwa mkono huku wakiwasha mota ili ijikaze. Usiwaige.

Hatua ya 6. Kwa biti iliyo chini ya kipimo cha mdomo, tafuta kishikio kidogo chenye shina, ambacho ncha yake hushika biti nyembamba, nalo shina lake hushikwa na mdomo mkubwa. Njia nyingine ni biti zenye shina la pembe sita la milimita 6.35, ambazo meno matatu huzishika bapa kwa bapa.

MASWALI

Fundi wa Kibuye, Kisumu: Drili yangu haishiki biti. Nifanye nini?

Jibu: Ndugu, umefika hatua ya ngapi, na pembeni mwa mdomo pameandikwa nini?

Fundi wa Kibuye: Sijaangalia. Nilidhani kuna njia ya mkato.

Jibu: Hakuna. Angalia, kisha urudi.

Dada wa Fremu, Kakamega: Mimi huzungushia shina la biti utepe wa nyaya za umeme. Je, ni vibaya?

Jibu: Utepe ni laini, dada yangu, na ukipata joto hulainika zaidi, ndiyo maana biti yako huenda upande. Ikiwa huna kishikio, zungushia waya mwembamba wa shaba, mizunguko iliyobanana isiyopandana. Ni dawa ya leo tu, nayo inafaa mbao, si chuma.

Mzee wa Bungoma: Sisi tulitumia midomo ya ufunguo miaka yote bila masomo marefu. Nunueni ya ufunguo mwishe.

Jibu: Shikamoo mzee. Sikatai kwamba ufunguo hukaza zaidi, hasa ukikaza katika matundu yote matatu. Hata hivyo mdomo wa ufunguo nao una kipimo chake cha chini, na ukiandikwa 1.5 utaiachilia biti ya milimita 1 vilevile. Somo ni refu kwa sababu maswali ni mengi.

Mwanafunzi wa umeme, Nakuru: Je, biti nyembamba huteleza kwa sababu meno yana mahali padogo pa kushika?

Jibu: Swali zuri, na mimi pia niliamini hivyo kwa muda mrefu. Ukipunguza unene kwa nusu, uwezo wa meno kuizuia biti isizunguke hupungua kwa nusu hivi. Lakini nguvu ambayo biti inahitaji ili ikate hupungua kwa kasi zaidi, karibu hadi robo. Kwa hesabu hiyo biti nyembamba ingepaswa kuwa rahisi zaidi kushikwa. Ikiteleza, shuku kwanza kwamba meno hayajaifikia yote matatu. Kagua pia shina lenyewe, kwani biti iliyowahi kuteleza hubaki na mikwaruzo iliyoinuka, nayo huisukuma nje ya katikati. Ilainishe kwa tupa ndogo.

Mwanafunzi wa umeme: Na skrubu iliyo ndani kabisa ya mdomo hufunguliwaje nikitaka kubadilisha?

Jibu: Katika drili zinazozunguka pande zote mbili, skrubu hiyo kwa kawaida ni ya kinyume, kwa hiyo izungushe upande wa saa ili ifunguke. Fungua meno mpaka mwisho, tumia bisibisi inayojaa kichwani mwake, kisha mdomo wenyewe ufungue kinyume cha saa.

Seremala wa Kakamega: Kwa matundu ya bawaba kwenye mbao laini, mimi hukata kichwa cha msumari mwembamba na kuutumia kama biti.

Jibu: Kweli, na hauvunjiki ovyo. Nyoosha ncha yake kwa tupa, na uutoe mara kwa mara usiunguze mbao.

Fundi wa Kibuye: Nimeangalia. Pameandikwa 2–13 mm, na biti yangu ni 1.2.

Jibu: Sasa tunaelewana, fundi. Safisha kama nilivyoeleza, kisha nenda dukani na biti yako, utafute kishikio cha hatua ya 6 na uijaribu humo kabla ya kulipa.