Namna ya Kumsaidia Mtoto Mchanga Kulala Usiku Kucha

Hakuna mwanadamu, mkubwa wala mdogo, anayelala usiku mzima bila kugutuka hata mara moja. Mtu mzima hugutuka, hujigeuza, huvuta shuka, kisha usingizi humchukua tena, na asubuhi hakumbuki lolote. Mtoto mchanga naye hugutuka vivyo hivyo, tena mara nyingi zaidi, kwa kuwa mzunguko mmoja wa usingizi wake huchukua takribani dakika 50 hadi 60, ilhali wa mtu mzima hukaribia dakika 90. Tofauti kubwa ni kwamba mtoto bado hajaijua njia ya kurudi usingizini peke yake, kwa hiyo huita kwa kilio. Mzazi hawezi kumzuia asigutuke, lakini anaweza kumsaidia ajifunze kulala tena, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa jioni wakati wa kumlaza, wala si saa nane za usiku wakati nyumba nzima imechoka.

Mtoto anaweza nini, na katika umri gani

Mtoto wa wiki chache hatofautishi usiku na mchana. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, lilieleza kuwa mtoto wa umri wa hadi miezi 3 anahitaji usingizi wa saa 14 hadi 17 katika saa 24, wa miezi 4 hadi 11 anahitaji saa 12 hadi 16, na wa mwaka mmoja hadi miwili anahitaji saa 11 hadi 14, usingizi wa mchana ukiwemo. Saa hizo ni nyingi, lakini kwa kichanga huja vipandevipande, kwa sababu tumbo lake ni dogo, maziwa ya mama humeng'enywa upesi, na kwa kawaida huhitaji kunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Isitoshe, saa ya mwili wake bado haijakomaa. Huanza kujipanga kati ya mwezi wa pili na wa nne, mwili unapoanza kutengeneza kwa mpangilio melatonini, ambayo ni homoni inayoleta usingizi giza linapoingia.

Kwa sababu hiyo, katika miezi mitatu ya mwanzo mtoto asilazimishwe kufuata ratiba yoyote. Mnyonyeshe anapotaka, mbebe, mbembeleze, wala usiwasikilize wanaosema kuwa unamdekeza, kwa maana kichanga hulia kwa haja na hajui hila. Kuanzia miezi minne hadi sita, watoto wengi wanaokua vizuri huanza kuweza kulala saa tano au sita mfululizo, na hicho ndicho ambacho wataalamu wengi hukihesabu kuwa ni kulala usiku kucha. Wazazi wengi huumia bure kwa kusubiri saa kumi au kumi na mbili ambazo mtoto wa umri huo hajawa tayari kuzitoa. Utafiti mmoja wa Kanada uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kuwa zaidi ya theluthi moja ya watoto wa miezi 6 walikuwa bado hawalali saa 6 mfululizo, na kwamba zaidi ya robo walikuwa bado hivyo hata walipotimiza mwaka. Watafiti hawakuona kuwa jambo hilo liliwarudisha nyuma watoto hao katika ukuaji wa akili wala wa viungo. Kwa mtoto njiti, umri uhesabiwe kuanzia tarehe ambayo alitazamiwa kuzaliwa.

Usalama kwanza

Mbinu yoyote ya kurefusha usingizi haina maana ikiwa mahali pa kulala si salama. Mlaze mtoto chali kila mara, usiku na mchana, mpaka atimize mwaka mmoja. Ushauri huu ulipoanza kuenezwa miaka ya 1990, vifo vya ghafla vya watoto usingizini vilipungua kwa zaidi ya nusu katika nchi kama Uingereza na Marekani. Wapo wanaohofia kuwa aliyelala chali atapaliwa akicheua, lakini umbo la koo linamlinda: akiwa chali, njia ya hewa huwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi hayaingii kwa urahisi kwenye mapafu. Kumlaza ubavu hakufai, kwa sababu ni rahisi kubingirika akawa kifudifudi. Akishajua kujigeuza mwenyewe huku na huku, endelea kumlaza chali, lakini si lazima ukeshe ukimrudisha.

Godoro liwe gumu kiasi, tambarare, na lenye shuka iliyobana, na juu yake pasiwe na mto, blanketi zito wala vitu vya kuchezea. Ikiwa humviringisha mtoto kwa kitambaa ili atulie, acha mara tu anapoanza kujaribu kujipindua, kwa maana aliyefungwa mikono akigeukia kifudifudi hawezi kujinasua. Kwa angalau miezi sita ya mwanzo alale chumba kimoja na wazazi, lakini kwenye kitanda chake. Najua familia nyingi hulala na mtoto kitanda kimoja, na wengine hawana nafasi ya kufanya vinginevyo. Wajue basi kuwa hatari huongezeka sana ikiwa yeyote kitandani anavuta sigara, amekunywa pombe au ametumia dawa zinazoleta usingizi, na pia ikiwa mtoto alizaliwa njiti au ana uzito mdogo. Kusinzia naye kwenye sofa ni hatari zaidi kuliko kitanda, na jambo hilo huwapata wazazi waliochoka bila wao kukusudia. Kuhusu joto, gusa shingo au kifua chake badala ya mikono, ambayo mara nyingi huwa ya baridi. Akiwa anatoka jasho, mpunguzie nguo.

Usimpe dawa ya mafua, ya kikohozi au ya mzio kwa nia ya kumsinzisha, na usitie uji katika chupa ya maziwa ili ashibe zaidi, kwa kuwa haurefushi usingizi na unaweza kumpalia. Maji hayahitajiki kabla ya miezi sita. Asali isitumike kabisa kabla ya mwaka mmoja, hata kwa kupaka ulimini, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyosababisha botulismu, ugonjwa unaolegeza misuli, pamoja na ile ya kupumulia.

Kazi ya jioni

Maandalizi ya usiku huanza asubuhi. Mtoe mtoto kwenye mwanga wa mchana mapema, zungumza naye, cheza naye, na acha sauti za kawaida za nyumbani ziendelee hata anapolala mchana. Jua linapozama, punguza taa, televisheni na kelele, ili saa ya mwili wake ipate ishara iliyo wazi.

Usimnyime usingizi wa mchana kwa matumaini kuwa usiku atalala zaidi. Mtoto aliyepitiliza uchovu huwa mkali, hukataa kulala, na akilala hugutuka mara nyingi. Mtoto wa miezi mitatu au minne kwa kawaida huvumilia kukaa macho kwa saa moja na nusu hadi mbili, wa miezi sita saa mbili hadi tatu, na anayekaribia mwaka saa tatu hadi nne. Vipimo hivi ni vya kukadiria tu, na mtoto mwenyewe hutoa dalili kabla hajaanza kulia: hupiga miayo, hupangusa macho, huvuta sikio, au hukodoa macho bila kutazama kitu. Ukiziona dalili hizo, anza kumlaza papo hapo.

Kila jioni fuata mfuatano mmoja usiobadilika, wa muda wa nusu saa hivi. Mwogeshe au mpanguse, mpake mafuta taratibu, mvalishe nepi kavu na nguo za kulalia, mnyonyeshe katika mwanga hafifu, kisha mwimbie wimbo uleule wa kubembeleza. Mtoto hajui kusoma saa, lakini baada ya siku kadhaa hutambua kuwa baada ya kuoga huja maziwa, baada ya maziwa huja wimbo, na baada ya wimbo huja kitanda. Mfuatano huo ukifanywa na mama, baba au bibi kwa namna ileile, mtoto hatalazimika kumtegemea mtu mmoja tu ili alale.

Hatua inayofuata ndiyo iliyo ngumu kuliko zote, na ndiyo yenye faida kubwa zaidi: mweke kitandani akiwa amelegea kwa usingizi lakini bado yu macho. Mtoto aliyezoea kulala titi likiwa mdomoni, au akitikiswa mikononi, atakapogutuka usiku atataka titi lilelile na mikono ileile, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ya usingizi anayoijua. Aliyelala kitandani mwake mwenyewe hukuta mambo yako kama alivyoyaacha. Ikiwa mtoto wako husinzia akinyonya, sogeza maziwa mapema kidogo, yatangulie wimbo, kisha mcheulishe na umwamshe kidogo kabla ya kumlaza. Akilalamika, mwekee kiganja kifuani, mnong'oneze, mpigepige taratibu. Akilia kwa nguvu, mnyanyue, mtulize, kisha umrudishe kabla hajalala kabisa. Huenda ukarudia hivyo mara nyingi katika usiku wa kwanza, na hilo si ishara ya kushindwa. Anza na usingizi wa mwanzo wa usiku peke yake, kwa kuwa wakati huo hamu ya kulala huwa kubwa. Ule wa mchana unaweza kusubiri.

Anapoamka katikati ya usiku

Sikiliza kwanza kabla ya kumnyanyua. Karibu nusu ya usingizi wa kichanga ni usingizi mwepesi, ambamo hunung'unika, hujinyoosha, hukunja uso, na hata hufumbua macho kwa nukta chache. Mzazi mwenye huruma akimchukua wakati huo, humwamsha mtoto ambaye hakuwa ameamka. Subiri kama dakika moja au mbili. Ikiwa ni kilio cha kweli, kitazidi.

Akihitaji kunyonya, mnyonyeshe bila kuwasha taa kali na bila mazungumzo, na umbadilishe nepi ikiwa ina kinyesi au imelowa sana tu. Baada ya miezi sita, ikiwa uzito wake unaongezeka vizuri na mhudumu wa afya anakubali, unaweza kupunguza maziwa ya usiku hatua kwa hatua. Kwa chupa, punguza mililita 20 hadi 30 kila baada ya usiku mmoja au miwili. Kwa titi, punguza dakika mbili hivi, kisha mbembeleze alale kwa njia nyingine. Kiasi kikishakuwa kidogo sana, kiache kabisa, na uhakikishe kwamba mchana analishwa vya kutosha.

Kuna wazazi wanaochagua kumwacha mtoto alie kwa muda uliopimwa, wakirudi kumtuliza baada ya dakika tatu, kisha tano, kisha kumi. Kwa watoto wenye afya waliokaribia au kupita miezi sita, tafiti hazijaonyesha madhara ya kudumu, na wengi hutulia ndani ya wiki moja. Hata hivyo, simshauri mzazi ambaye moyo wake haukubali. Akianza na kukatisha kila mara, mtoto hujifunza tu kuwa kilio kirefu ndicho kinacholeta mtu. Njia ya kukaa karibu na kitanda na kusogeza kiti kuelekea mlangoni kila baada ya siku chache huchukua muda mrefu zaidi, lakini hufika. Chagua moja, kubaliana na mwenzako, na uifuate kwa wiki mbili kabla ya kuihukumu.

Tazamia pia vipindi vya kurudi nyuma. Katika mwezi wa nne muundo wa usingizi hubadilika na mtoto aliyekuwa akilala vizuri huanza kuamka tena. Kati ya miezi minane na kumi huingia kutambaa, kusimama, na hofu ya kutengana na mzazi. Safari na maradhi huvuruga kila kitu. Mtulize mtoto kadiri anavyohitaji, na akishapona rudi kwenye mfuatano wenu wa jioni.

Wakati wa kutafuta msaada

Mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye joto la nyuzi 38 au zaidi apelekwe hospitali mara moja, na asichukuliwe kuwa amekosa usingizi tu. Muone daktari pia ikiwa haongezeki uzito, anakojoa mara chache kuliko kawaida, hukoroma na kukatiza pumzi, au analia kwa saa nyingi bila kubembelezeka.

Mzazi naye anahitaji kulindwa. Wenye uwezo wa kugawana usiku wagawane, mmoja akilala mpaka saa nane na mwingine kuanzia hapo, na anayenyonyesha aletewe mtoto, kisha mtu mwingine amcheulishe na kumlaza. Ukihisi hasira inapanda, mweke mtoto chali kitandani mwake, toka chumbani dakika chache upumue, na umwite mtu wa kukusaidia. Kamwe usimtikise, kwa kuwa kutikiswa huweza kuujeruhi ubongo wake au kumuua. Na mama ambaye huzuni, wasiwasi au kukosa usingizi hata mtoto akiwa amelala kumemwandama kwa zaidi ya wiki mbili amweleze mkunga au daktari bila kungoja siku ya kliniki, kwa sababu msongo wa mawazo baada ya kujifungua ni ugonjwa unaotibika.