Somo: mzee apangiwe pa kukaa kabla hajaanguka kwenye ngazi

Assalam aleikum jamani. Tangu mamangu aanguke nimeulizwa sana hili jambo, bas naandika mara moja, mwenye mzazi Lamu asome pole pole.

Nyumba yetu iko Langoni, mtaa wa hapa Lamu, na ngazi za nyumba za kizamani mnazijua, za mawe, nyembamba, hazina pa kushika. Miezi tulimuona mama anashika ukuta akishuka na hakuna aliyesema kitu, tuliona kumtajia mzazi uzee ni kama kumwambia afe. Akavunjika nyonga.

Kwa hiyo la kwanza ni kuzungumza, angali na akili zake. Mkae naye yeye, si nyinyi kwa nyinyi kwenye simu, mumuulize mama ukichoka utataka kulala wapi, nani akuogeshe. Sisi tulishapanga mke wa kaka, kumbe mama hataki kabisa kuvuliwa nguo na mkwewe, anataka mimi au mtu wa kulipwa, na tusingeuliza angenyamaza akaumia moyoni.

La pili, mshusheni chini. Najua juu kuna upepo, lakini chini akikaa dakani, pale barazani mlangoni, anaona wapita njia na anasalimiwa, hiyo nayo ni dawa. Anzeni na choo kabla ya kitanda: choo cha kukaa, chuma cha kushika ukutani, sakafu isiyoteleza na taa ya usiku. Kama nyumba iko Mji wa Kale, ule ulioingia orodha ya UNESCO 2001, msivunje ukuta kabla hamjaongea na watu wa Makavazi ya Taifa.

La tatu pesa. Aliyefika miaka 70 mwandikisheni Inua Jamii, pesa za serikali za wazee, ni shilingi 2,000 kwa mwezi, pampasi peke yake zinaimaliza lakini ni haki yake. Na SHA, bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, unajisajili kwa *147#, msingoje mpaka alazwe ndo mkimbizane.

La nne watu hulisahau, njia ya kutoka usiku. Vichochoroni gari haiingii, kwa hiyo jueni mapema ni vijana gani wanne watambeba, na namba ya nahodha iwe kwenye simu ya kila mtu, maana akipewa rufaa Mombasa lazima avuke kwanza mpaka Mokowe, ng'ambo ya bara, na maji yakiwa yametoka boti haikaribii kila mahali.

La mwisho nyumba yenyewe itakuwa ya nani. Kwa sisi Waislamu wosia hauzidi theluthi ya mali, na mrithi hausiiwi mpaka warithi wenzake waridhie. Nendeni kwa kadhi na mzee mwenyewe akiwa anatembea.

MASWALI

Swali: Dada, mimi niko Malindi, baba yuko Faza peke yake, hataki kuhama. Nimlete kwa nguvu?

Jibu: Usimlete kwa nguvu kakangu. Pale ana msikiti wake na wenzake, Malindi atakuwa na chumba na televisheni tu. Tafuta jirani wa kumtazama asubuhi na jioni na umlipe kitu kila mwezi, usimwachie iwe hisani, hisani huchoka. Halafu mwite kwako wiki mbili kama mgeni, ajionee mwenyewe.

Swali: Ndugu zangu wako Saudia wanatuma pesa, mimi ndo nalala na mama. Anasema nyumba ni yangu. Neno lake latosha?

Jibu: Halitoshi dada, na nakuhurumia kwa sababu usiku ni wako peke yako. Kama anakupa iwe hiba, yaani zawadi, akukabidhi sasa angali mzima, kwa maandishi na mashahidi, na ndugu zako wajue. Akingoja maradhi ya mauti inahesabiwa kama wosia, na wewe ni mrithi, itabidi wao wakubali.

Swali: Nyanya halali ila chali, ngozi ya kiunoni imebadilika rangi.

Jibu: Anza leo leo. Mgeuze kila baada ya saa 2, usiku na mchana, mto katikati ya magoti, shuka kavu isiyo na mikunjo, na pale palipobadilika usipasugue. Ngozi ikishafunguka mwite muuguzi, usiweke dawa ya kienyeji.