Ukipunguzwa Kazi Ukiwa na Miaka 52 na Shahada Mbili

Mhasibu au mhandisi wa Dar es Salaam anayepunguzwa kazi baada ya kuvuka miaka 50 mara nyingi hukimbilia kusambaza wasifu, huku siku za kudai haki zake zikiyoyoma. Anza na haki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri atoe taarifa mapema, aeleze sababu na ajadiliane nanyi namna ya kuwachagua wanaoondoka. Ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 za kupeleka mgogoro Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Zikipita, utaanza kwa kuomba kuongezewa muda.

Kabla hujasaini chochote, soma barua unayopewa. Ikiwa inasema umejiuzulu ilhali umepunguzwa, kataa, kwa sababu fao la kukosa ajira la NSSF halimhusu aliyeacha kazi kwa hiari yake. Aliyechangia angalau miezi 18 hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi 6. Aliyefikisha miaka 55 huangalia pensheni, ambayo inataka michango ya miezi 180. Kiinua mgongo nacho kina mtego wake: sheria inatoa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, lakini haihesabu zaidi ya miaka 10, hivyo aliyetumikia miaka 22 anaambulia siku 70, sawasawa na aliyetumikia 10. Hicho ni kima cha chini, kwa hiyo angalia kama mkataba wako au mkataba wa hali bora, yaani ule wa mwajiri na chama cha wafanyakazi, unatoa zaidi. Usiondoke bila cheti cha utumishi.

Sasa kazi. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida hutaka mwombaji asizidi miaka 45, basi usipoteze mwezi mzima huko. Kwenye kampuni binafsi kikwazo ni hofu ya meneja wa miaka 35 kwamba utamdharau au utadai mshahara wa zamani. Jirani yangu, mhandisi wa maji, aliniletea wasifu wa kurasa 11 ambao ukurasa wake wa kwanza ulijaa vyeo na semina za miaka ya tisini. Tuliubakiza kurasa mbili, ukaanza na sentensi moja: anasimamia ukarabati wa pampu na mabomba ya miradi ya maji vijijini. Alinuna kuona vyeo vinafutwa, nami nilimwelewa, lakini mwajiri hununua kazi inayofanyika.

Ujuzi wa namna hiyo huuzika zaidi kwa ushauri elekezi kuliko kwa ajira ya kudumu. Usiache usajili wako ERB (bodi ya wahandisi) au NBAA (bodi ya wahasibu) ukafa kwa kukosa ada. Sajili jina la biashara kwa wakala wa usajili, BRELA, pata TIN ya biashara kutoka TRA, kisha jisajili kwenye NeST, mfumo wa mtandaoni wa ununuzi wa umma, ili uone zabuni za serikali. Mafao yasiingie kwenye banda la kuku wa mayai kabla hujajua ada za watoto za mwaka huu zitatoka wapi. Na mteja wa kwanza akipatikana, andikianeni mkataba na udai malipo ya awali kabla hujafungua faili, hata kama ni kijana uliyemfundisha kazi mwenyewe.