Somo: Kupoza karakana ya nyumbani msimu wa kaskazi

Kuanzia Desemba hadi Machi joto la mchana Mombasa hufika nyuzi 32 au 33, na unyevu wa bahari juu yake. Ndani ya kibanda cha mabati kisicho na dari ni zaidi ya hapo. Wengi hukimbilia feni. Ukianza na feni unapepewa hewa ileile iliyochemshwa na bati. Anza na paa, kisha njia ya upepo, feni ije mwisho. Vipimo hapa ni vya chumba cha futi 10 kwa 12, kimo futi 8, paa la mita za mraba 14 pamoja na upenu.

Hatua ya 1: Paa

Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta, na mwanzoni mwa Machi jua la saa sita linapita utosini. Kuta zinapata jua la kupitia. Paa linakula lote. Gusa bati kwa chini saa saba mchana uone kama mkono unakaa. Bati hilo linakumulika joto kichwani kama jiko, ndiyo maana hata mlango ukiwa wazi hupati nafuu.

Piga bati brashi ya waya, lioshe kwa sabuni na maji mengi kuondoa chumvi ya bahari, likauke siku nzima. Penye kutu paka rangi nyekundu ya kuzuia kutu. Penye zinki bado nzima paka praima ya mabati, yaani rangi ya kwanza ya kushikia, lita 2 hivi. Usipake rangi ya mafuta moja kwa moja juu ya zinki: inashika vizuri mwanzoni, kisha inabanduka maganda kwa maganda. Baada ya praima, rangi nyeupe ya maji ya akriliki, ile ya nje, mikono miwili. Kopo la lita 4 linatosha kwa shida, kwa hiyo ongeza la lita 1. Paka asubuhi mapema. Bati likishapata moto rangi hukauka kabla haijashika, ikatoa mapovu.

Chokaa na chumvi, dawa ya wazee, iache kwa kuta za mawe. Juu ya bati chumvi inaleta kutu, na masika yakija chokaa chote kinashukia mtaroni.

Ukibakiwa na pesa, funga karatasi ya fedha (foili ya kuakisi joto) chini ya kenchi, uso unaong'aa utazame chini, ikae mbali na bati angalau sentimita 3. Ikigusana na bati joto linaingia moja kwa moja kwenye karatasi na kazi yake inapungua. Ukiutazamisha uso juu, vumbi la mbao linautia ukungu katika miezi michache. Na karatasi hiyo inapitisha umeme: waya zote za darini ziwe ndani ya paipu kwanza.

Hatua ya 2: Njia ya upepo

Kaskazi hutoka kaskazini-mashariki, kusi kusini-mashariki. Kwa hiyo tundu la kuingiza hewa liwe ukuta wa mashariki, chini, usawa wa goti. La kutolea liwe magharibi, juu kabisa chini ya bati, kubwa kuliko la kuingizia. Wavu wa mbu unakula upepo sana. Ukiuweka, tanua tundu karibu mara mbili.

Hatua ya 3: Feni

Zidisha mita 3 × 3.6 × 2.5, upate mita za ujazo 27. Kubadilisha hewa mara 30 kwa saa ni 27 × 30 = 810. Tafuta feni ya kutolea hewa iliyoandikwa 1,000 au zaidi kwa saa, maana wavu na vumbi vitaipunguza. Ya inchi 12 kwa kawaida inafika, lakini soma kibandiko. Ifunge kwenye tundu la juu la magharibi, na dirisha lililo karibu nayo lifungwe. Likiwa wazi, feni inavuta hewa ya dirishani na kuitupa nje, huku wewe pembeni huguswi.

Feni ya kukupepea wewe ni jambo jingine. Hiyo haipoozi hewa, inakausha jasho. Chagua yenye mota iliyofunikwa, kwa sababu ya vumbi.

Kazi za mashine nzito zifanye kabla ya saa nne asubuhi au baada ya saa kumi. Gundi ya mbao nayo hukauka haraka kwenye joto, basi paka vipande vichache kwa mara moja.

Maswali ya wanachama

*Fundi, zile feni za kutia maji na barafu zinafaa? Niko Kisauni.*

Hazifai, ndugu yangu. Maji yanapoza yakivukizwa, na hewa yetu imeshashiba. Kwenye nyuzi 32 na unyevu wa asilimia 70 haiwezi kushuka chini ya 27 hivi, na chumba kinalowa. Jasho halikauki, misumeno inashika kutu.

*Mimi ni mshonaji Changamwe, nimepanga. Mwenye nyumba hataki paa liguswe, na pasi inanimaliza.*

Dada, fanya kazi kwa ndani. Karatasi ya fedha ifunge kwa kamba kwenye kenchi, siku ya kuhama unaiondoa. Meza ya pasi isogeze chini ya tundu la kutolea hewa ili joto lake litoke bila kukupitia. Nguo za kupigwa pasi zikusanye, uzimalize asubuhi kwa mkupuo mmoja.

*Kwa nini tusiezeke makuti tu? Nachomelea Likoni.*

Makuti ni baridi kweli, ila cheche moja inatosha kuteketeza nyumba. Chini ya makuti usichomelee kabisa. Na kama unatumia mashine yenye gesi ya kukinga weldi, feni isielekee kwenye kazi: inapeperusha gesi na weldi inatoka na matundu.

*Na AC?*

Baada ya hatua ya 1 tu, na chumba kizibwe. Kwenye bati tupu utanunua tokeni za umeme hadi uchoke. Kazi za mbao zinaziba chujio, kwa hiyo lioshe kila wiki.