Jinsi ya kusoma majina ya wadhamini katika vitabu vya ndoa vya Norwei

Ukifungua kitabu cha ndoa cha parokia ya Norwei cha miaka ya 1790, mara nyingi hutakuta wazazi wa maharusi. Utakuta bwana harusi, bibi harusi, tarehe, na pembeni wanaume wawili chini ya kifupi "Forl." Wengi huwaruka. Nakusihi usiwaruke, kwani huenda hao wawili ndio mlango pekee uliobaki wa kuwafikia wazazi.

"Forl." ni forlovere. Si wasimamizi wa harusi kama tunaowajua kanisani. Ni wadhamini: walimthibitishia mchungaji kwamba ndoa haina pingamizi. Kwa hiyo alitafutwa mtu mzima anayeaminika, kama baba, kaka, mjomba, au mwenye shamba ambako kijana alikuwa akifanya kazi.

Anzia Digitalarkivet, hazina ya nyaraka ya mtandaoni ya Norwei isiyotoza ada. Chagua parokia, kisha kurasa za ndoa (viede au copulerede). Fomu zenye safu zilianza 1812. Kabla ya hapo kila mchungaji aliandika apendavyo, tena kwa mwandiko wa Kigothi. Nakili herufi kwa herufi kabla ya kutafsiri. Herufi ikikushinda, itafute ndani ya jina unalolijua kwenye ukurasa huohuo, kama Anne au Ole. Na "7br" ni Septemba, si Julai.

Sasa ligawe kila jina. Tuseme ndoa ni ya 1799, kati ya Ole Hansen Haugen na Anne Pedersdatter Lie, na wadhamini ni Hans Haugen na Lars Pedersen Lie. Hansen ni "bin Hans", Pedersdatter ni "binti Peder", sawasawa na majina yetu ya pwani. Haugen na Lie ni mashamba, na jina la shamba lilikuwa anwani: mtu akihama, aliliacha. Sheria ya kuwataka watu wawe na jina la ukoo la kurithi ilikuja 1923.

Kwa hiyo Lars, bin Peder wa Lie, anaelekea kuwa kaka wa Anne, na Hans anaelekea kuwa baba wa Ole. Andika "anaelekea", usiandike "ni". Hapa ndipo nasaba nyingi zimekosewa. Shamba moja lilikuwa na mwenyewe pamoja na husmenn, wapangaji waliopewa kibanda na kijishamba, na wote waliweza kuandikwa Lie bila undugu wowote.

Thibitisha kwa sensa ya 1801, inayotaja umri wa kila mtu na uhusiano wake na mkuu wa kaya. Kisha tazama ubatizo wa mtoto wa kwanza: wadhamini wa ndoa mara nyingi hurudi kama faddere, wazazi wa ubatizo. Ushahidi ninaouamini kuliko wote ni skifte, kumbukumbu za mirathi. Peder akifa, warithi huorodheshwa, na binti aliyeolewa hutajwa pamoja na mumewe.

Ukikwama, waandikie idara ya taifa ya nyaraka ya Norwei. Taja parokia, aina ya kitabu, mwaka, ukurasa na namba ya ndoa, weka kiungo cha ukurasa, andika ulivyousoma wewe, kisha uliza neno moja tu lililokushinda.